Mashine inaporomoka usiku, nani ana ruhusa ya kuizima?

Tuseme umeachwa usiku peke yako na mashine ya kusoma DNA. Kwenye skrini kuna mstari ulioanza juu vizuri, sasa unaporomoka. Mdosi amelala. Kemikali zilizo ndani zilitoka ng'ambo, na bei yake hutaki hata kuiwaza. Utazima ama utaacha?

Mimi nilikuwa hapo. Kabla sijaacha chuo, nilifanya mafunzo ya nyanjani kwenye maabara moja jijini, kazi yangu kubwa ikiwa kuosha vyombo na kulinda mashine isiguswe. Mstari ulianza kushuka mzunguko wa 40 hivi, kati ya 150. Nikamwita fundi wa zamu. Akaangalia, akanyamaza, kisha akasema: wacha imalize, tusije tukaulizwa kwa nini tulizima. Ikamaliza kesho yake. Data yote ikatupwa.

Ule mstari unasema nini? Kwa kila herufi ya DNA inayosoma, mashine inakuambia pia ina shaka kiasi gani. Alama ya Q20 ni kosa 1 kwa kila herufi 100. Q30 ni kosa 1 kwa 1,000. Unaona ni kitu kidogo, sivyo? Sasa chukua kirusi cha korona, chenye herufi kama 30,000. Ukikisoma mara moja tu kwa Q20, utapata makosa kama 300. Kwa Q30, kama 30. Ndiyo maana kila sehemu husomwa mara nyingi. Mwaka 2020, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi walipokuwa wakisoma jenomu za korona, herufi chache tu ndizo zilizotofautisha aina moja na nyingine.

Lakini pia usiwe mtu wa kushtuka ovyo. Kushuka kidogo mwishoni ni kawaida. Ni kama gwaride la watoto wa shule: mwanzoni hatua ni moja, wakifika mwisho wa uwanja kila mtu na mguu wake. Kuporomoka mapema ndiko kubaya. Labda kuna kiputo cha hewa, labda sampuli zilijazwa kupita kiasi na mashine haioni kishada kimoja kinaishia wapi. Hapo angalia PhiX, ile DNA ya kirusi cha bakteria ambayo mafundi huchanganya makusudi kwa sababu kila herufi yake inajulikana. Ikisomwa vibaya nayo, shida si sampuli zako tu.

Kuna uamuzi mwingine ambao wengi hukosea, nao unategemea mashine yenyewe. Ile ndogo ya MinION, inayochomekwa kwenye laptopu na iliyobebwa hadi Guinea wakati wa Ebola mwaka 2015, inakuonyesha data ikiingia na vitundu vingapi bado vinafanya kazi. Ukizima mapema unaweza kuosha kile kibao chake na kukitumia tena. Hiyo ni pesa imeokolewa. Zile kubwa za Illumina ni tofauti: kemikali zikishafunguliwa, zimeenda. Ukizima hurudishiwi kitu isipokuwa muda. Hata hivyo muda si mchezo kama kuna daktari anasubiri jibu, na pengine mashine ina foleni.

Na hata mstari ukikaa juu usiku kucha, usianze kusherehekea. Mashine inasoma ulichoipa. Ukichanganya sampuli mbili kimakosa, itausoma huo mchanganyiko vizuri kabisa, Q30 safi. Kwa hivyo fungua matokeo ya ule mrija wa maji matupu. Ukikuta umejaa kirusi, kuna mahali mkono uliteleza.

Sasa mimi naona maabara zetu zimewaachia vijana macho, zikawanyima mamlaka. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, andikeni kwenye karatasi: namba ikishuka chini ya hapa, kabla ya mzunguko huu, tunazima. Andikeni na simu ya kupigiwa. Asipopokea, anayelinda usiku azime mwenyewe, hata kama ni mwanafunzi wa nyanjani. Asubuhi akiulizwa, aonyeshe ile karatasi.