Oda Iandikwe Mara Moja Tu

Wajasiriamali wenzangu wa Bukoba na Muleba, leo nasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda: kunakili oda kwa mkono kutoka Excel kwenda Word siyo umakini. Ni kujitafutia hasara.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Msimu wa senene, oda zangu zilikuwa Excel, stika za mizigo naandika Word, jina moja moja. Usiku, macho mazito, nikakosea tarakimu mbili za simu ya mteja wa Mwanza. Mzigo ulipofika stendi wakapiga ile namba, akapokea mtu mwingine kabisa. Senene ziliharibika, hela nikarudisha, na yule mteja mpaka leo hajaagiza tena. Tarakimu mbili tu!

Kumbe Word inaweza kuisoma Excel yenyewe. Weka oda zako Excel, kila kitu na safu yake: jina, simu, mji, bidhaa. Hifadhi, kisha funga faili. Fungua Word, nenda "Mailings", anza "Mail Merge", chagua "Labels", halafu ionyeshe lile faili la Excel. Panga jina na simu kwenye stika ya kwanza, bonyeza "Update Labels" ili zote zifuate, malizia na "Finish & Merge". Stika hamsini zinatoka bila wewe kuandika jina hata moja. LibreOffice, ambayo ni ya bure, nayo ina kazi hiyo.

Ila programu zikiongea, zinaweza kuelewana vibaya. Angalia haya:

1. Sifuri ya simu. Safu ya simu iwekee "Text" kabla ya kuandika. Bila hivyo Excel inaona ni hesabu, inakula sifuri ya mbele.

2. Tarehe. Kompyuta iliyosetiwa Kimarekani inasoma 03/04 kuwa tarehe 4 mwezi wa tatu. Andika mwezi kwa jina.

3. Steshenari. Word inakumbuka faili la Excel lilipo. Ukienda na faili la Word peke yake kwenye flashi, inaweza kulitafuta ikalikosa. Nenda na PDF.

Kuna atakayesema, "Mimi nina oda kumi tu, daftari linatosha." Sawa, daftari silipingi. Ninachopinga ni kuandika kitu kilekile mara mbili, maana kila ukirudia unafungua mlango wa kosa. Na orodha hiyohiyo ya Excel, ukiibonyezea "PivotTable", inakwambia kahawa ya kutafuna inaenda sana mji gani na vanila inanunuliwa wapi. Daftari halikujumlishii.

Kosa likiwa kwenye orodha, litafika kwenye stika pia. Kwa hiyo hakiki namba na mteja mara moja, mwanzoni, halafu iache mashine inakili.

Wewe stika zako unaandikaje? Tuambie hapo chini.