Mbwa Mgeni Shambani: Ni wa Mbegu Safi au Chotara?

Hutokea mara nyingi katika mashamba yaliyo mbali na mji kwamba mbwa asiyejulikana huingia uani jioni, akalala kando ya ghala, na asubuhi akakutwa angali pale pale. Akiwa na masikio yaliyosimama, mgongo mweusi na miguu ya rangi ya hudhurungi, habari huenea upesi: "Huyo ni mbwa wa polisi." Tangu hapo heshima yake hubadilika. Watoto humchezea, jirani huuliza bei, na hakosi ndugu wa kushauri kwamba azalishwe ili watoto wake wauzwe kwa thamani kubwa. Yote hayo hutendeka kabla ya mtu yeyote kuuliza kama jina hilo ni lake kweli.

Aina inayokusudiwa ni mchungaji wa Kijerumani. Wazee waliotumikia chini ya Waingereza humwita Alsatian, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza hawakupenda jina la Ujerumani litajwe, wakadumu na jina hilo hadi mwaka 1977. Hao ni mbwa wale wale, wala si aina mbili kama wengine wanavyodhani.

Asili yake yafaa kujulikana, maana ndani yake mna maana ya neno "safi". Zamani wachungaji wa kondoo wa Ujerumani walikuwa na mbwa wa maumbo mbalimbali, kila jimbo na wake, nao walichaguliwa kwa kazi. Mwezi Aprili 1899, Max von Stephanitz, aliyekuwa kapteni wa askari wa farasi, alimwona mbwa mmoja katika maonyesho mjini Karlsruhe, akamnunua na kumpa jina la Horand von Grafrath. Mwezi huo huo chama cha kutunza aina hiyo kikaundwa, na Horand akaandikwa namba 1 katika daftari la nasaba. Basi mbwa wa mbegu safi, kwa maana halisi, ni yule ambaye baba na mama yake wameandikwa katika daftari la namna hiyo. Usafi huo ni habari ya kumbukumbu kwanza, kisha ndipo sura inapofuata.

Chukulia basi kwamba mbwa wa namna hiyo amefika katika shamba la sajini aliyestaafu. Kabla ya kushika utepe wa kupimia, yapo mambo mawili ya kutangulizwa.

La kwanza ni afya. Watu wanaopatwa na kichaa cha mbwa, hadi 99 kwa mia, huambukizwa na mbwa, na dalili zikisha kumtokea mtu, ugonjwa huo karibu kila mara huua. Mbwa aweza kuonekana mzima hali sumu imo mwilini mwake kwa majuma au miezi. Kwa hiyo watoto wakatazwe kumgusa. Apewe maji na chakula kwa mbali, afungiwe mahali penye kivuli ikiwezekana bila hatari, na daktari wa mifugo aitwe amchunguze na kumchanja. Akibadilika tabia ghafula, akitokwa na mate mengi, akashindwa kumeza, au akayumba, asikaribiwe kabisa. Akimuuma mtu, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile apate chanjo. Mbwa mwenyewe awekwe chini ya uangalizi siku 10. Wala asiuawe kwa hasira akatupwa porini, kwa kuwa hapo daktari hukosa ushahidi.

La pili ni mwenyewe. Mbwa aliyepotea bado ni mali ya mtu. Mwenyekiti wa kijiji aarifiwe, na kituo cha polisi kilicho karibu pia; huenda ametoroka kambini au katika nyumba ya jirani wa mbali. Shingo iangaliwe kama ina alama ya ukanda, na ndani ya masikio kama mmechorwa namba. Siku hizi wako mbwa waliotiwa chini ya ngozi, kati ya mabega, kifaa kidogo mfano wa punje ya mchele chenye namba ya utambulisho, nayo husomwa kwa chombo maalumu. Namba hiyo ikipatikana, mwenye mbwa hujulikana, na pengine nasaba yake pia.

Mambo hayo yakiisha, na daktari akiwa ameridhika, ndipo umbo lipimwe. Mbwa asimamishwe mahali tambarare, kimo kipimwe kutoka ardhini hadi mwisho wa mabega, pale shingo inapokutana na mgongo. Dume wa mchungaji wa Kijerumani huwa na sentimita 60 hadi 65 na uzito wa kilo 30 hadi 40. Jike, sentimita 55 hadi 60 na kilo 22 hadi 32. Kisha upimwe urefu wa mwili kutoka mbele ya kifua hadi nyuma ya matako. Urefu huo sharti uzidi kimo kwa sehemu 10 hadi 17 kwa mia. Dume mwenye kimo cha sentimita 62, kwa mfano, atarajiwe kuwa na urefu wa sentimita 68 hadi 73 hivi. Mwenye umbo la mraba, mwembamba, wa rangi ya majani makavu na uso mweusi, huenda ni wa aina ya Malinois ya Ubelgiji, ambayo majeshi na polisi wa nchi nyingi huitumia pia.

Nywele nazo zitenganishwe kwa vidole. Mchungaji wa Kijerumani ana matabaka mawili: nywele ngumu za juu, na chini yake manyoya laini mfano wa sufi. Mbwa wengi wa vijijini kwetu wana tabaka moja fupi. Mkia wake ni wa manyoya mengi, hufika kwenye kifundo cha mguu wa nyuma, nao huning'inia kwa mpindo mdogo. Mkia uliojikunja juu ya mgongo waonyesha asili nyingine, kama ile ya mbwa wa misitu ya Kongo aitwaye basenji. Rangi zaweza kuwa nyeusi yenye hudhurungi au manjano, nyeusi tupu, au kijivu. Nyeupe haikubaliwi katika kanuni za Kijerumani.

Masikio ndiyo yanayowadanganya watu kuliko yote. Ni kweli kwamba ya mchungaji wa Kijerumani husimama, lakini mbwa wengi wa kienyeji huzaliwa katika koo zenye masikio ya kusimama. Tena mtoto wa mbegu safi aweza kuwa na masikio yaliyolala hadi afikishe miezi kadhaa.

Hapo ndipo mwenye busara aonapo mpaka wa macho. Rangi na masikio hutokana na chembe chache tu za urithi, hata chotara aweza kufanana kabisa na baba yake mchungaji, na ndugu yake wa tumbo moja asifanane naye hata kidogo. Wataalamu waliolinganisha makisio ya watu na uchunguzi wa chembe za urithi wamekuta kwamba makisio hukosea mara nyingi, hata ya watu waliozoea kazi hiyo. Kwa hiyo vipimo vyaweza kumkataa mbwa, lakini haviwezi kumthibitisha. Asiyelingana navyo aelekea kuwa chotara. Anayelingana navyo husemwa tu kwamba ana sura ya mchungaji. Uthibitisho ni hati ya nasaba. Na uchunguzi wa chembe za urithi hutaja asili inayoelekea zaidi, wala hauleti hati iliyopotea.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Anayemzalisha mbwa wa kuokota na kuuza watoto wake kwa jina la mbegu safi anawauzia wenzake asichokijua. Koplo atakayetoa akiba yake kumnunua mtoto huyo anastahili kuelezwa wazi kwamba hati haipo. Aidha, aina hiyo hupatwa sana na ugonjwa wa nyonga, ambao mzazi asiyepimwa aweza kuwarithisha wanawe.

Liko na jambo kubwa zaidi. Wengi huamini kwamba jina huleta tabia, kwamba mbwa wa sura hiyo ni mlinzi kwa kuzaliwa. Mwaka 2022 utafiti uliotolewa katika jarida la Science, uliohusu mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kwamba aina hueleza kiasi cha 9 kwa mia tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Askari waongozao mbwa wanalijua hilo kwa kazi yao: si kila mchungaji mwenye hati hufaa kwa kikosi, bali hujaribiwa mmoja mmoja, na kinachomfanya mbwa wa polisi ni mafunzo pamoja na mkono wa anayemwongoza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mbwa mgeni naye, akisha kuchanjwa na mwenyewe asipotokea, apimwe kwa jembe lake: je, anawatazama watoto kwa utulivu? Huwaacha kuku? Hubweka apitapo mtu usiku na kunyamaza akiambiwa? Akifanya hivyo, shamba limepata mlinzi, awe wa Karlsruhe au wa kijiji cha pili. Asipofanya, hata hati yenye muhuri haitamfaa mama mwenye watoto wadogo uani.