Selimundu: Urithi wa Damu, Utu wa Mwanadamu na Haki ya Kutibiwa

Mwezi Novemba 2023, Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuidhinisha tiba ya ugonjwa wa selimundu inayofanyika kwa kuhariri vinasaba vya mgonjwa mwenyewe. Marekani ikafuata mwezi Desemba mwaka huohuo. Ni habari ya matumaini kwa familia nyingi za Afrika Mashariki zilizokesha hospitalini na watoto wanaolia kwa maumivu ya mifupa. Hata hivyo, ni habari inayomdai mwamini atafakari mambo matatu: asili ya ugonjwa huu, mipaka ya tiba yake, na nani atakayeifikia.

Jenomu ni jumla ya maagizo yote ya urithi yaliyomo ndani ya seli za kiumbe hai. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi nne tu za kikemia, na jenomu ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3. Kila mtoto hupokea sehemu moja kutoka kwa baba na sehemu nyingine kutoka kwa mama. Aliyeweka msingi wa elimu hii alikuwa mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri yake mjini Brno na kuwasilisha matokeo ya uchunguzi wake mwaka 1865.

Selimundu hutokana na badiliko la herufi moja tu katika kinasaba kinachotengeneza himoglobini. Aliyerithi badiliko hilo kutoka kwa wazazi wote wawili huugua. Aliyelirithi kutoka kwa mzazi mmoja kwa kawaida huwa mzima, lakini anaweza kumrithisha mtoto wake. Daktari Anthony Allison, aliyekulia nchini Kenya, aliona kwamba wabebaji wa kinasaba hiki walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba wabebaji hao wana kinga kubwa zaidi dhidi ya malaria kali. Palipokuwa na mbu wengi, waliokuwa na kinasaba kimoja walinusurika, wakazaa, wakakirithisha. Huo ndio mfano unaojulikana sana wa mageuzi ya viumbe miongoni mwa wanadamu, na umeandikwa katika damu yetu wenyewe.

Mwamini hana sababu ya kuogopa maelezo haya. Papa Pio XII, katika waraka wake wa mwaka 1950, aliruhusu wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa mwanadamu, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996, Mtakatifu Yohane Paulo II aliiambia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi kwamba nadharia ya mageuzi ni zaidi ya dhana tu. Sayansi hueleza njia ambayo mwili umepitia. Imani hutangaza Yule aliyeupatia uhai na kuuita kwenye uzima wa milele.

Kutokana na hayo, ni lazima tuseme wazi: selimundu si laana, si matokeo ya uchawi, wala si kosa la mama. Wapo wanawake waliofukuzwa na wakwe kwa sababu watoto wao waliugua, ilhali hakuna mtoto anayeugua selimundu bila urithi kutoka pande zote mbili. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Kwa hiyo ni jambo la upendo na busara wachumba kupima mapema, kabla ya matangazo ya ndoa. Lakini kipimo hicho hakiwezi kugeuzwa kizuizi cha Sakramenti, kwa maana sheria ya Kanisa inampa haki ya kufunga ndoa kila mtu asiyekatazwa na sheria. Kazi ya paroko na wakufunzi wa ndoa ni kuwasindikiza wachumba waamue wakiujua ukweli.

Kuhusu tiba, hati ya Vatikano ya mwaka 2008 iitwayo Dignitas Personae ilifafanua kwamba kurekebisha vinasaba vya seli za mwili kwa lengo la kuponya, kimsingi, ni halali. Tiba mpya ya selimundu iko upande huo: seli za uboho wa mgonjwa hutolewa, huhaririwa na kurudishwa mwilini. Badiliko hilo halirithiwi na watoto. Aliyetibiwa bado anaweza kurithisha selimundu. Hali ni tofauti kwa kuhariri viinitete, kama ilivyotangazwa nchini China mwaka 2018. Huko mabadiliko hupita kwa vizazi ambavyo havijaulizwa, huku madhara yake hayajulikani. Vivyo hivyo, Kanisa linakataa kuwachagua watoto katika maabara na kuwatupa wenye ugonjwa, kwani kumwondoa mgonjwa si kumtibu.

Linabaki swali zito la haki. Nchini Marekani, tiba hii ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, nayo huhitaji hospitali zenye vifaa na utaalamu wa hali ya juu. Kwa mkulima wa Geita au Kisumu, mlango huo bado umefungwa. Lakini ipo milango iliyo karibu: kuwapima watoto wachanga, kuwapa dawa ya kuzuia maambukizi, chanjo, na dawa ya hidroksiyurea inayopunguza maumivu. Haya hayagharimu mamilioni, na bado watoto wengi wanakufa kwa kuyakosa.

Hapa ndipo jumuiya ndogondogo za Kikristo na zahanati za majimbo zinapoitwa kutenda: kuchangia damu, kusaidia nauli za kliniki, kukomesha maneno yanayowaumiza wazazi. Urithi wa damu hatukuuchagua. Namna ya kumpokea aliyeubeba kwa maumivu, hiyo ni juu yetu.