Mgonjwa Asiitwe Mzembe

Mwalimu huanza kipindi cha kwanza kwa sauti kamili. Ifikapo adhuhuri kope zimemlegea, maandishi ya ubaoni anayaona mawili mawili, na mkono unashindwa kuinua chaki. Akipumzika hupata nafuu. Katika ofisi na shule nyingi hali hiyo ina jina moja tu: uzembe. Pengine jina hilo ni dhuluma.

Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Takriban wagonjwa 9 katika kila 10 ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa na kufanya kazi. Unajulikana zaidi kwa maumivu ya viungo, vipele vya uso na madhara ya figo. Hata hivyo, huweza kuandamana na maradhi ya neva na misuli. Misuli huvimba na kudhoofika, au neva za mikono na miguu hufa ganzi. Kwa wagonjwa wachache, kinga hiyo huziba mahali ambapo neva huikabidhi misuli amri yake. Huo ndio ugonjwa wa miasthenia gravisi: udhaifu unaozidi kwa kazi na kupungua kwa mapumziko.

Tiba ipo. Mwaka 1934 Dk. Mary Walker wa Greenwich, London, alionyesha kwamba dawa yaweza kuirudishia misuli hiyo nguvu, na dawa za jamii hiyo zingali zinatumika. Lakini kwinini, iliyotibu malaria kwetu kwa miaka mingi, pamoja na baadhi ya viuavijasumu, huweza kuuzidisha udhaifu huo hata mgonjwa akashindwa kupumua. Aidha, prednisoloni inayotuliza lupasi, ikitumiwa kwa muda mrefu, huweza yenyewe kudhoofisha mapaja. Wala haifai kuiacha ghafla bila idhini ya daktari.

Kwa hiyo hapana budi mgonjwa amweleze kila mganga maradhi yake yote na dawa anazotumia. Naye mkuu wa kazi, kabla ya kuandika barua ya onyo, amtume mtumishi hospitali. Na akithibitishwa kuwa mgonjwa, apangiwe vipindi vya asubuhi na nafasi ya kupumzika.

Uzembe ni adui wa maendeleo, na kuupiga vita ni wajibu. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kumwadhibu mgonjwa kwa ugonjwa wake hakujengi nidhamu ya kazi, kunavunja utu.