Mtoto Achanjwe, Mama Naye Apimwe

Ikiwa una jamaa Mogogosiek, kule Konoin katika kaunti ya Bomet, wajua kuwa mchuma chai hulipwa kwa kilo. Akiacha shamba aende zahanati, amekwisha kupoteza pesa kabla hajafika kwenye foleni. Mwambie aende akapimwe tu ilhali ni mzima, naye atakuuliza nani atamchumia.

Hata hivyo, mama huyo huyo akiwa na mtoto mchanga hakosi kliniki. Huenda wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18 kwa chanjo ya surua. Hizo ni safari tano. Mara nyingi mtoto hupimwa uzani, hudungwa sindano, kijitabu hujazwa na mama huruhusiwa aende zake. Yeye mwenyewe hajaguswa! Kwa maoni yangu, hapo ndipo kinga inapopotea: mtu amejileta kwa miguu yake, nasi twamrudisha vivyo hivyo.

Kupima presha ni kazi ya dakika chache. Maradhi haya hayana kelele. Wengi huyajua siku mzee anapoanguka, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi. Hapo simu hulia Nairobi na Nakuru, na harambee ikaitishwa. (Sisi wa mjini ni wakarimu sana wa kulipia ugonjwa. Wa kuuzuia, mfuko una kufuli.)

Saratani ya mlango wa uzazi nayo hukaguliwa bila maabara. Muuguzi aliyefunzwa hupaka siki hafifu, hungoja kama dakika moja, kisha hutazama kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Wanaoshauriwa kukaguliwa ni wanawake wa miaka 25 hadi 49, yaani wale wale wanaoleta watoto. Wasichana wa miaka 10 walianza kupewa chanjo yake hapa Kenya mwaka 2019.

Basi siku ya chanjo, kipima presha kiwe mezani kando ya mizani ya watoto. Asiyerudi, jina lake apewe mhudumu wa afya wa kijiji. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 nchini, kila mmoja na nyumba 100 hivi, wakiwa na mikoba yenye vipima presha na sukari. Wangesimama pale majani yanaponunuliwa, wachumaji wakisubiri lori, wangewapata hata wanaume, ambao kliniki ya watoto huwaona kwa nadra.

Lakini dawa ziwepo. Mtu akiambiwa presha imepanda, kisha aambiwe akanunue dawa mjini, msimtarajie tena.

Nawe ukienda nyumbani Desemba, kabla ya kuulizia bonasi ya chai, muulize mama alipimwa presha lini. Akisema ni tangu kitinda mimba azaliwe, mpeleke wewe, siku isiyo ya kuchuma.