Dawa mbili kwa utumbo mmoja? Tuongee bei kwanza

Hebu tuongee kitu watu huona aibu kuongelea: kuhara damu. Si ile ya kula chakula kibovu ikaisha kwa siku tatu. Nasema ya miezi. Unaenda kliniki unapewa dawa ya ameba, inatulia, inarudi, unapewa tena. Kumbe kwa wengine shida si ameba, ni kinga ya mwili yenyewe inashambulia utumbo. Inaweza kuwa ugonjwa wa Crohn, ama ule wa vidonda vya utumbo mpana.

Huko nje madaktari sasa wanajaribu kumpa mgonjwa mmoja dawa mbili kali za sindano kwa pamoja. Utafiti mmoja, VEGA, ulichapishwa 2023. Walikuwa wagonjwa 214 wa vidonda vya utumbo mpana. Baada ya wiki 12, waliopewa golimumabu pekee, asilimia 61 walikuwa wamepata nafuu. Guselkumabu pekee, 75. Zote mbili, 83. Kila dawa inaziba njia tofauti ya uvimbe. Baada ya hapo waliochanganyiwa walibaki na guselkumabu tu.

Kuna watu wanashangaa ati dawa mbili ni nyingi. Manze, sisi Wakenya ndio wa kushangaa? ARV kwa kawaida huwa tatu, na TB tunaanza na nne. Tofauti ni kwamba hizo zinapigana na mdudu, lakini hizi zinapunguza makali ya kinga yako mwenyewe. Tena golimumabu iko kwenye lile kundi linaloweza kuamsha TB iliyolala mwilini. Kwa nchi yenye TB nyingi kama yetu, asidungwe mtu kabla ya kupimwa.

Lakini kinachoniuma ni bei. ARV za mchanganyiko zilikuwa zinaokoa watu Ulaya na Marekani tangu 1996, na huku tukaendelea kuzika. Sayansi peke yake haikutufikia. Ilibidi wagonjwa na wanaharakati wapige kelele mpaka bunge likapitisha sheria ya 2001 iliyofungua mlango wa ARV za bei nafuu, halafu pesa za wafadhili zikafuata.

Sasa angalia hii. Mwaka 2010, utafiti wa SONIC ulionyesha kuwa kwa Crohn, infliksimabu pamoja na azathioprini, tembe ya zamani tu, iliwatuliza karibu asilimia 57 bila steroidi, dhidi ya 44 kwa infliksimabu pekee. Huo pia ni mchanganyiko! Na infliksimabu tayari ina nakala za bei ya chini. Mimi siwezi kupigia makofi 83 ya wengine wakati hiyo 57 hatujaipigania.

Kwa hivyo wizara na SHA, mtuambie: mgonjwa wa Crohn kule Lodwar atapata hizo mbili lini bila harambee ya WhatsApp? Na kamera ya kumwangalia utumbo ndio ajue si ameba, ataipata wapi?