Bastola kuukuu na funzo kwa wakusanyaji wa maneno

Mali bila daftari, walinena wahenga, hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuisikia madukani na katika vyama vya akiba. Hivi majuzi, hata hivyo, nimekumbushwa maana yake na watu ambao sikutarajia kamwe kujifunza lolote kwao, nao ni wakusanyaji wa bastola kuukuu za Marekani. Namwomba msomaji anivumilie, kwani nia yangu si kusifu silaha. Bunduki imekwisha kuliza jamaa nyingi mno katika nchi yetu. Ninalotaka kulijadili ni adabu ya kukusanya, na jinsi sisi walimu na wanafunzi wa lugha tulivyoikosa.

Tuanze na kifaa chenyewe. Mnamo 1857, Horace Smith na Daniel Wesson walianza kuunda mjini Springfield, katika jimbo la Massachusetts, bastola ndogo yenye silinda ya matundu saba. Kabla ya hapo, aliyetaka kuipakia bastola ya silinda kwa kawaida alimimina baruti katika kila tundu, akaishindilia risasi juu yake, kisha akapachika fataki kwa nyuma. Bastola hii mpya ilikuja na risasi iliyokamilika, yaani baruti, risasi na kiwashio vimeunganishwa katika kikopo kimoja cha shaba. Kiwashio kilifichwa ndani ya ukingo wa kitako cha kikopo hicho. Nyundo ilipougonga ukingo, baruti ililipuka. Wazo la kuwasha risasi ukingoni lilikuwa limetoka Ufaransa, kwa Louis-Nicolas Flobert, mnamo 1845.

Uvumbuzi huo ulikuwa na upungufu wake. Ukingo sharti uwe mwembamba ili nyundo iweze kuubonyeza, na chombo chembamba hakistahimili mlipuko mkubwa. Kikopo kikisha kutumika hakijazwi tena kwa urahisi. Ndiyo maana risasi kubwa za aina hii zilipitwa na zile zinazogongwa katikati ya kitako, na nyingi zikaacha kutengenezwa. Zile ndogo zingali zikiuzwa hadi leo, lakini baruti ya kisasa ina nguvu kupita chuma cha wakati ule, na ni hatari kuzitia katika bastola ya karne ya 19. Kwa hiyo mkusanyaji mwenye busara hafyatui bastola yake. Thamani yake imo katika habari zake.

Na habari zenyewe ni nyingi. Haki ya kutoboa silinda mwisho hadi mwisho, ili risasi ziingizwe kwa nyuma, ilikuwa ya Rollin White, aliyepewa hataza tarehe 3 Aprili 1855. Smith na Wesson walikubali kumlipa senti 25 kwa kila bastola, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe awashitaki watakaoiba wazo hilo. White alikonda kwa kesi. Hataza ilipokwisha mwaka 1869 aliomba msaada wa Bunge aongezewe muda, lakini Rais Ulysses Grant akaukataa mswada huo mwaka 1870. Katika kesi hizo, baadhi ya viwanda vilivyoshindwa, kama vile cha Moore na cha Pond, vililazimika kupiga kwenye bastola zao maandishi ya kusema kwamba zimeundwa kwa ajili ya Smith na Wesson. Basi leo mkusanyaji akiokota katika mnada wa mali ya marehemu bastola yenye maandishi hayo, hujua kwamba ameshika kipande cha hukumu ya mahakama.

Angalieni sasa afanyavyo mtu huyo. Kwanza huchunguza kama nambari na alama zilizopigwa kwenye vipande mbalimbali zinaoana, asije akauziwa bastola iliyoungwaungwa. Pili, huandika daftarini ilitoka nyumba gani, kwa nani, na lini. Tatu, na hili ndilo lililonigusa zaidi, haing'arishi. Anayeisugua bastola kuukuu mpaka imetemete huwa ameifuta historia yake pamoja na kutu, na thamani yake hushuka papo hapo. Toleo la kwanza la bastola ile ya 1857 liliundwa hadi 1860, nalo ni bastola zaidi ya 11,000 tu. Hata hivyo wakusanyaji wameligawa katika aina kadhaa kwa kutazama tofauti ndogo ambazo mimi na wewe tusingeziona.

Sasa tujitazame sisi. Fungua kamusi zetu. Ni mara ngapi unakuta neno likifafanuliwa kuwa "aina ya samaki", "aina ya mti", "aina ya ndege"? Ni samaki yupi? Anavuliwa wapi? Nani alilitamka neno hilo, Lamu au Vanga? Hii ni sawa na mkusanyaji kuweka kabatini vyuma mia moja na kuviandika vyote "aina ya bastola".

Sisemi haya kwa kujitoa lawamani. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili nilikaa alasiri nzima na mzee mmoja wa kisiwani Pate. Alinitajia majina ya bunduki ambazo babu yake alizijua: gobore, korofindo, gumegume, bunduki ya mrao. Akanitajia na viungo vyake: mtutu, kasiba, mtambo, mdeki. Nilipoandika yote katika mstari mmoja, mzee alinitazama akasema, "Mwanangu, hizi si moja." Akaanza kunieleza tofauti. Mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi mashua. Mrao najua ni utambi, na gumegume ni jiwe la kuwashia. Lakini kwa mzee yule, korofindo ilitofautianaje na gobore? Daftari langu limeandika "bunduki za kale" na kunyamaza. Mzee amekwisha kufariki, na jibu amekwenda nalo. Sina wa kumlaumu ila mimi mwenyewe.

Yamkini atatokea mtu aniulize: maneno ya bunduki zilizokufa yana faida gani kwa mwanafunzi wa leo? Yana faida kubwa. Kila mwaka nasikia walimu wakilalamika kwamba Kiswahili hakina msamiati wa ufundi, ilhali wenyeji wa pwani walikwisha kukitaja chombo hiki cha kigeni kiungo kwa kiungo. Tena waliyapata maneno kwa njia ambazo tungali tunazihitaji. Risasi ni neno la Kiarabu lenye maana ya madini yenyewe. Mzinga wa nyuki ulilipa jina lake lile gogo la chuma linalonguruma. Huko ni kukopa, na huko ni kupanua maana. Tutawafunzaje vijana kuunda istilahi iwapo hatuwezi kuwaonyesha waliotangulia waliziundaje?

Mwingine atahofia kwamba nawatamanisha vijana bastola. La hasha! Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, ni kali, nami siombi ilegezwe. Mwaka 2016 serikali iliteketeza silaha haramu zaidi ya 5,000 kule Ngong, na ilifanya vyema. Hata Uingereza, ambako silaha za kale zilipewa nafuu, ilibidi sheria ikazwe mwaka 2021 kwa sababu wahalifu walikuwa wakizitumia. Bastola na ibaki kwa wenyewe. Tuigeni daftari lao.

Nina mapendekezo matatu. Mosi, kila mwanafunzi anayetumwa nyanjani aandike, kando ya kila neno, limetamkwa na nani, wapi, lini, na kwa kitu gani hasa. Mwalimu naye asimpe alama anayekosa hayo. Pili, tuache kuyang'arisha maandishi ya kale. Mhariri anayesanifisha lahaja ya utenzi bila kuhifadhi nakala ya awali amesugua kutu pamoja na historia. Tatu, idara zetu ziyatunze madaftari ya wanafunzi badala ya kuyauza kwa kilo baada ya mtihani, kwani huenda ukurasa mmoja ndio shahidi wa pekee aliyebaki.

Mkusanyaji wa Marekani akikosea leo, chuma chake kingali kipo kesho; atakigeuza, atakitazama upya, atajisahihisha. Sisi hatuna bahati hiyo. Bidhaa yetu imehifadhiwa vinywani mwa wazee, na vinywa hivyo havitungoji tuwahi mashua na kurudi. Likizo ijayo, mwanafunzi mpenzi, ukienda kwa babu yako, chukua daftari. Na akikuambia hizi si moja, keti umsikilize.